Mrejesho: Ile pikapu na trela ya kilo 2,800

Jamani, niliuliza kama pikapu yangu, inayoruhusiwa kuvuta kilo 3,500, itamudu trela ya kilo 2,800 kutoka Industrial Area hadi Naivasha. Kumbe nilikuwa nikiangalia namba isiyo yenyewe! Juzi nimeipeleka kwenye mizani: trela ikifungwa, inakandamiza nyuma ya pikapu kwa kilo 300. Hizo zinahesabiwa kwenye mzigo wa pikapu, ambao kibandiko cha mlangoni kinasema usizidi 1,000. Ongeza sisi wanne, kilo 310 (fundi wangu si mwembamba), na jenereta na vyuma, 430. Tumepitisha 40. Jenereta, kilo 120, nimeihamishia kwenye trela, sawasawa juu ya ekseli (mhimili wa magurudumu), ili isiongeze ule mkandamizo. Sasa nyuma ya pikapu haijalala tena, na taa za mbele hazimuliki tena matawi ya miti. Asante sana uliyeniambia nifungue mlango nisome.