Naomba ushauri: simu inayotengenezeka, yenye programu huria na itakayodumu

Mwandani: Salaam wanajukwaa. Nimechoka kuachana na simu ambazo kioo chake bado ni kizima na spika inasikika vizuri, lakini mtengenezaji amekwisha acha kuziletea masasisho ya usalama, na betri imegandishwa kwa gundi hata fundi anasita kuigusa. Natafuta simu ninayoweza kuifungua mwenyewe, inayokubali programu huria (zile ambazo msimbo wake, yaani maandishi yanayoziunda, uko wazi kwa kila mtu), na nitakayokaa nayo miaka mingi. Nimesoma habari za Fairphone, Pixel ya Google na PinePhone mpaka nimechanganyikiwa, na kila ninapokaribia kuamua naingiwa na hofu. Naombeni mnisaidie.

Fundi Bisibisi: Karibu ndugu. Kwa upande wa kutengenezeka, Fairphone 5 ya mwaka 2023 haina mpinzani wa karibu: kifuniko cha nyuma kinabanduliwa kwa ukucha, betri inatolewa kwa mkono, na skrini, kamera na tundu la chaji vimeshikwa kwa skrubu za kawaida, ndiyo maana iFixit, tovuti ya mafunzo na vipuri vya kutengeneza vifaa, waliipa alama 10 kati ya 10. Lakini kinachonivutia zaidi ni chipu yake. Walichagua QCM6490 ya kampuni ya chipu ya Qualcomm, iliyokusudiwa vifaa vya viwandani, kwa sababu chipu za aina hiyo huhudumiwa kwa muda mrefu kuliko za simu za kawaida, na hapo ndipo walipopata nguvu ya kuahidi masasisho hadi mwaka 2031. Simu nyingi ninazoletewa zingali na uhai. Zilianza kuzeeka siku mwenye chipu alipoacha kurekebisha draiva zake (programu zinazouwezesha mfumo kuiendesha chipu), na kwa kuwa draiva hizo ni siri yake, mtu wa nje hawezi kuzirithi kikamilifu.

Mlinzi wa Huria: Mambo ya bisibisi nawaachia mafundi. Kwangu mimi simu ambayo mwenyewe huwezi kuusoma msimbo wake si yako, hata ukiifungua mara ngapi. Natumia PinePhone yenye postmarketOS, mfumo huria wa Linux usio Android, mradi ulioanza mwaka 2017 kwa lengo la kuifikisha simu miaka 10. Ukiondoa kifuniko chake unakuta safu ya swichi ndogo sana, unazisogeza kwa ncha ya kalamu, na kila moja inazima kifaa chake: modemu (kinachounganisha simu na mtandao), maikrofoni, kamera. Betri yake ina umbo la betri ya Samsung J7, kwa hiyo kupata nyingine si kazi. Ni kweli kwamba chipu yake, Allwinner A64, ni nzito wa mwendo, na kamera yake haifai kwa picha za harusi. Hata hivyo, anayetaka uhuru sharti akubali kupoteza starehe kidogo.

Mama Wawili: Wanangu, mnamjibu mtu ambaye hajasema simu ataifanyia nini. Mwandani, mwanangu, je, fedha zako zinapita humo?

Mwandani: Shikamoo mama. Ndiyo, nina programu ya benki, na kazini tunatumia programu inayotoa nambari za kuingilia kwenye mfumo. Sikuona kama ni jambo kubwa, kwa kuwa nilidhani programu za Android hufanya kazi popote penye Android.

Fundi Bisibisi: Ni jambo kubwa kuliko yote. Programu nyingi za benki huuliza huduma ya Google iitwayo Play Integrity kama simu ingali na mfumo ulioidhinishwa, na zikijibiwa hapana hukataa kufunguka. Kwenye PinePhone ndiyo usahau kabisa. Sasa sema ukweli: kuna simu umekwisha iwekea jicho?

Mwandani: Nimekwisha lipa nusu ya bei ya Pixel 7 iliyotumika na ninayo mkononi, nusu nyingine naimalizia mwisho wa mwezi. Sioni ubaya wake. GrapheneOS, mfumo huria wa Android unaotilia mkazo usalama, inawekwa kwenye Pixel tu kwa sababu simu hizo zinakuruhusu kuifunga butiloda (programu ya kwanza kuwaka, inayoamua mfumo upi uingie) tena baada ya kubadilisha mfumo, na chipu ya Titan M2 inalinda funguo za siri za simu yako. Zaidi ya hayo, vipuri vyake halisi vinauzwa kupitia iFixit. Nilichotaka ni kuhakikishiwa kwamba sikukosea.

Fundi Bisibisi: Uliyoyasema ni kweli, ila masasisho ya Pixel 7 yameahidiwa hadi Oktoba 2027 tu, na GrapheneOS hutegemea masasisho hayohayo ya Google kwa sehemu za ndani zilizofungwa. Pixel 8 ndiyo iliyoanza kupewa miaka 7. Vilevile skrini yake imegandishwa, kwa hiyo kila utakapobadilisha betri utahitaji joto na subira. Kisha kuna hatari ya tatu: baadhi ya Pixel zilizouzwa na kampuni za mawasiliano zimefungwa butiloda moja kwa moja. Umeangalia?

Jicho Kavu: Samahanini, lakini mimi naona uzi huu umetungwa. Mtu aliyeingia akisema amechanganyikiwa sasa anatutajia Titan M2 kwa jina, na kila akiulizwa anatoa kipande kipya kinachozidi kuisifu bidhaa ileile. Hii ni kazi ya muuza simu. Kama simu anayo kweli, afungue mipangilio ya wasanidi (iliyofichwa kwa ajili ya watengeneza programu), kisha atuandikie maneno yaliyo chini ya kitufe cha kuruhusu butiloda ifunguliwe.

Mlinzi wa Huria: Hata kama ni tangazo, maswali yake wengi wanayo, na majibu yatabaki kuwafaa.

Mama Wawili: Tusimvunjie mtu heshima kabla hajajibu.

Mwandani: Jicho Kavu, mimi si muuzaji, nimesoma sana kwa sababu fedha hizi nilizipata kwa shida. Nimegusa nambari ya toleo mara saba mpaka mipangilio ya wasanidi ikajitokeza. Kitufe kipo lakini kimefifia, hakibonyezeki, na chini yake imeandikwa niunganishe intaneti au niwasiliane na mtoa huduma wangu. Intaneti ipo na bado kimefifia. Muuzaji anasema fundi wake ataiflashi, yaani ataiwekea mfumo upya, itafunguka.

Jicho Kavu: Maneno hayo ndiyo yenyewe. Naondoa shaka yangu, na nakuomba radhi.

Fundi Bisibisi: Hiyo ni ya kampuni ya mawasiliano, na hakuna fundi wa kuiflashi ikafunguka kwa kudumu. GrapheneOS haitaingia humo. Mrudishie leo, kabla hujamalizia nusu ya pili.

Mwandani: Lakini ningeitumia hivyohivyo hadi 2027, si bado ni simu nzuri?

Mama Wawili: Ni nzuri kwa anayetafuta simu nzuri. Wewe ulitafuta ya kudumu na iliyo wazi, na hiyo haina hata moja kati ya hayo mawili. Dai chako kwa upole, ukiwa na picha ya kitufe hicho.

Mwandani: Amekubali kurudisha fedha, akikata kidogo. Kwa hiyo nichukue ipi, Pixel 8 au Fairphone?

Fundi Bisibisi: Kwanza waulize benki na ofisini kwako kama programu zao zinafunguka kwenye GrapheneOS, maana baadhi ya benki zimeiruhusu. Wakisema ndiyo, tafuta Pixel 8 ambayo kitufe hicho kinabonyezeka mbele ya macho yako kabla hujatoa fedha. Wakisema hapana, nunua Fairphone 5 uitumie na Android yake iliyoidhinishwa. Mtengenezaji mwenyewe hutoa namba ya kufungulia butiloda, kwa hiyo masasisho yake yakikoma utahamia /e/OS (Android huria isiyo na huduma za Google) au mfumo mwingine bila kumbembeleza mtu. Uhakikishe tu kwamba vipuri vyao vinafika ulipo, kwa kuwa soko lao kubwa ni Ulaya. Na betri ya akiba usiinunue sasa, kwa sababu lithiamu huzeeka hata ikiwa kabatini.

Mwandani: Ahsante. Barua kwa benki nimeituma tayari.