Roblox Studio, UEFN au Luanti: tuanze na ipi kwa vijana wetu Dodoma?

Mzabibu_Hombolo (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za jioni. Nasimamia kikundi cha vijana kumi na mmoja hapa Nzuguni, wa miaka 13 hadi 17. Tunakutana kila Jumamosi kwenye chumba alichotuazima jirani. Tuna kompyuta mpakato sita za mtumba: nne zina RAM ya 4GB, mbili zina 8GB, na hakuna hata moja yenye kadi ya grafiki ya maana. Intaneti ni ruta moja, bando tunachangishana.

Vijana wamechoka kucheza gemu za watu. Wanataka za kwao, na mawazo wanayo tayari. Mmoja anataka shamba la zabibu ambapo mchezaji anavuna mara mbili kwa mwaka, kama tunavyovuna huku. Binti mmoja na kaka yake wanataka kijiji cha tembe za Kigogo. Mwingine anataka mchezaji azunguke akitafuta michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa.

Nimelinganisha kwa wiki mbili hizi programu tatu za kutengenezea gemu. Nawawekea nilichokiona, mnisahihishe.

Roblox Studio ni ya bure, inaenda kwenye Windows na Mac, na lugha yake ya programu ni Luau iliyotokana na Lua 5.1. Mashine zetu za 4GB zinaifungua, taratibu lakini inafunguka. Kinachonivuta hasa ni yale waliyoyatangaza kwenye mkutano wa waundaji Septemba 2025: akili mnemba inayounda kitu kinachofanya kazi na si umbo tupu, yaani ukiomba gari unapata gari la kuendesha. Modeli yao ya maumbo, Cube, waliiachia wazi Machi 2025. Tena malipo yamepanda: Robux (pesa ya ndani ya Roblox) moja uliyoipata kwa kazi yako ilikuwa inabadilishwa kwa dola 0.0035, sasa ni 0.0038.

UEFN (Unreal Editor for Fortnite) ni ya kuundia ndani ya gemu ya Fortnite, ilitoka Machi 2023, lugha yake ni Verse. Kwa uzuri wa picha hakuna inayoigusa. Epic, kampuni yenye Fortnite, wanatenga asilimia 40 ya mapato halisi ya Fortnite kwa ajili ya wenye visiwa, yaani gemu zinazoundwa humo, na sasa wamefungua mlango wa kuuza vitu ndani ya kisiwa chako. Kwa kipindi cha mwanzo muundaji anapewa thamani yote ya V-Bucks (pesa ya ndani ya Fortnite) baada ya ada za maduka kutolewa, halafu baadaye itakuwa nusu.

Luanti ni ile iliyoitwa Minetest hadi 2024. Vipande vya mraba, bure kabisa, msimbo wazi, skripti za Lua. Duka hakuna, malipo hakuna.

Moyo wangu uko Roblox kwa sababu ya hizo zana zinazokuja. Nimekusanya hela ya bando la miezi mitatu. Nishaurini kabla sijalinunua.

Dada_Ilazo

Kaka, hongera kwa moyo huo. Kwa upande wa UEFN nakushauri uiondoe leo hii. Inataka Windows, inataka Fortnite yenyewe iwe imesakinishwa, na ukijumlisha vyote ni makumi ya gigabaiti kabla kijana hajaweka hata jiwe moja. Mimi nilipakua usiku kwa siku nne. Halafu kompyuta yangu ya 8GB isiyo na kadi ya grafiki ikawa inachemka kwa kisiwa kitupu tu, hadi nikaogopa kuiua.

Jambo kubwa zaidi ni umri. Programu yao ya kulipa waundaji inataka uwe na miaka 18 kwenda juu. Vijana wako wote wako chini yake, kwa hiyo ile asilimia 40 haiwahusu kwa sasa.

Fundi_AreaC

Mkuu Mzabibu, nami nizungumzie hela, maana naona imekaa karibu na moyo wako na vijana wataiuliza siku ya kwanza.

Mchezaji akinunua Robux kwenye simu, dola 9.99 inampa 800. Akizitumia zote kununua pasi (ruhusa ya kupata kitu cha ziada) kwenye gemu yako, Roblox inakata asilimia 30, wewe unabaki na 560. Zidisha kwa 0.0038, unapata dola 2.13. Hiyo ndiyo inayofika kwako kutoka kwenye ile dola kumi kasoro. Na huwezi kuitoa hapo hapo: kima cha chini cha kubadilisha ni Robux 30,000 ulizozipata kwa kazi, sawa na dola 114. Kijana akiuza pasi ya Robux 50, kwake zinaingia 35, kwa hiyo anahitaji wanunuzi 858 kabla hajagusa senti.

Kuna njia ya pili, wanaiita Creator Rewards, iliyoanza Julai 2025. Unapewa Robux 5 kwa siku kwa kila mchezaji anayekaa kwenye gemu yako dakika kumi, mradi iwe kati ya gemu tatu za kwanza alizofungua siku hiyo. Lakini soma sharti lake: mchezaji huyo awe ametumia angalau dola 9.99 ndani ya siku 60 zilizopita. Watoto wa Ipagala na Chang'ombe watakaokuja kumuunga mkono mwenzao wako wangapi wenye sifa hiyo? Wanaweza kujaa mia wakacheza mchana kutwa, kwa hesabu hiyo wakawa sifuri.

Kubadilisha fedha kunaruhusiwa kuanzia miaka 13, na kuna fomu ya kodi ya Marekani, W-8BEN, ya kujaza. Mzazi akae naye pembeni siku hiyo.

Siwakatishi tamaa. Ninachoomba usiwaambie vijana kwamba hii ni ajira. Waambie ni ufundi, hela ikija ije.

Mzabibu_Hombolo

Fundi, nashukuru sana. Hilo la siku 60 nililiruka kabisa. Nilikuwa nimeshamwambia kijana wa zabibu kwamba wenzake wakiingia kwa wingi atapata kitu. Jumamosi namrudia nimweleze ukweli.

Mwl_Bahi

Ndugu mwanzisha mada, mimi ni mwalimu, nimetumia Luanti na wanafunzi mwaka wa pili sasa. Naiona umeipa mistari miwili tu, nami naiona kuwa ndiyo inayokufaa wewe kuliko zote.

Programu yenyewe ni makumi ya megabaiti. Inabebeka kwenye flashi. Mashine moja inafungua dunia, nyingine tano zinaingia kupitia ruta ile ile, bila hata bando moja kununuliwa. Ruta inachohitaji ni umeme tu. Umeme ukikatika, mashine zenye betri nzima mnaendelea mmoja mmoja mpaka urudi. Angalizo: Luanti ukiisakinisha ni chungu kitupu, gemu haimo. Lazima upakue kwanza, mfano Minetest Game au VoxeLibre, kutoka kwenye hazina yao ya ContentDB, kisha ndipo unakili kwenye mashine zote. Nililijua hilo mbele ya darasa zima lililokuwa linanisubiri.

Kuhusu tembe, acha nieleze kidogo. Mwaka jana wanafunzi wangu walijenga tembe. Kuta walizipandisha haraka, ni pembe nne, vipande vya mraba vinakubali. Walipofika kwenye paa wakakwama, maana tembe paa lake ni bapa: magogo, fito juu yake, kisha udongo. Binti mmoja akauliza, mvua ikinyesha maji yanakwenda wapi? Mimi mwenyewe sikuwa na jibu la kumtosha. Akaenda kumuuliza bibi yake. Wiki iliyofuata akarudi na maelezo ya jinsi paa linavyopewa mwinamo mdogo na jinsi udongo unavyoshindiliwa, akakaa, akaandika kipande kipya kwa Lua, akakiita "kijiji:udongo_wa_tembe". Skripti yake ilikuwa na mistari sita. Hiyo mistari sita alikuwa anaielewa yote, kila neno, kwa sababu aliiandika mwenyewe.

Na hiyo Lua haipotei. Akihamia Luau ya Roblox atakuta vitanzi, jedwali na vitendaji ni vile vile. Majina ya kazi yanatofautiana, namna ya kufikiri ni moja.

Kijana_UDOM

Mwalimu, shikamoo. Nakubaliana nawe kwenye mafunzo ila napingana nawe kwenye hamu. Kijana wa miaka 15 anataka mtu asiyemjua acheze kazi yake. Roblox ukijaza dodoso lao la maudhui na kuchapisha, mtu wa Mwanza au wa Brazil anaweza kuingia. Luanti bila bando mtachezeana humo humo chumbani.

Kuhusu zana za Roblox zinazokuja, nimefuatilia kwa karibu. Kazi nzito ya akili mnemba inafanyika kwenye seva zao (kompyuta kuu za kampuni), kwa hiyo mashine dhaifu si kikwazo, kikwazo ni bando. Ila mtegemee vitu vya kawaida: kiti, gari, mti. Nimejaribu zana kadhaa za aina hiyo za makampuni mbalimbali, nikaomba nyumba ya tembe. Zote zilinipa kibanda cha duara chenye paa la nyasi lililochongoka. Vijana wako wanachotaka kujenga hakimo kichwani mwa mashine hizo, hivyo watakijenga kwa mikono.

Nyingine ni seva kuwa na kauli ya mwisho. Kwa kawaida kifaa cha mchezaji ndicho kinachoamua mwili wake uko wapi, ndiyo maana wadanganyifu wanaruka kuta. Ukiwasha utaratibu mpya, seva inaamua, kifaa kinakisia tu na kusahihishwa kikikosea. Kwa mwenye mtandao wa kusuasua kama wetu, kusahihishwa huko ni kule kuvutwa nyuma hatua mbili unapokimbia. Shamba la zabibu halihitaji hayo. Gemu ya mbio ndiyo inahitaji.

Na maandishi wekeni wenyewe kwa Kiswahili. Tafsiri ya papo kwa papo ya soga (chat) ambayo Roblox waliizindua Februari 2024 ilikuwa na lugha 16, yetu haikuwemo.

Mama_Kisasa

Jamani, mimi ni mzazi, wanangu wawili wanacheza hiyo Roblox. Nasikia siku hizi wanapiga watoto picha za uso. Ni kweli?

Kijana_UDOM

Shikamoo mama. Ni kweli. Tangu Januari 2026, anayetaka kutumia soga lazima athibitishe umri, kwa kamera inayokadiria umri wa uso au kwa kitambulisho, kisha anawekwa kuongea na watu wa umri unaokaribiana na wake. Roblox wanasema picha inafutwa ikishachakatwa. Asiyepima anaendelea kucheza, soga ndiyo inafungwa. Kwa kikundi cha Nzuguni, wanakaa chumba kimoja wanaongea kwa mdomo, kwa hiyo soga wanaweza kuiacha kabisa. Mama pia unaweza kuunganisha akaunti yako na ya mtoto ukaona orodha ya marafiki zake.

Mama_Kisasa

Asante mwanangu. Leo jioni nakaa nao tuliangalie pamoja.

Dada_Ilazo

Kuna kijana asiye na kompyuta nyumbani? Godot, programu nyingine ya kutengenezea gemu, ina kihariri cha Android, cha bure. Kwenye kioo kidogo inachosha macho, lakini simu yenye nafasi inatosha kujaribu mambo katikati ya wiki.

Mzabibu_Hombolo

Nimewasoma wote, nimeongea na vijana pia. Tumeamua hivi: mwezi wa kwanza wote wanaingia Luanti, bila bando. Baada ya hapo mashine mbili za 8GB zinahamia Roblox Studio kwa gemu ya shamba la zabibu na ile ya michoro ya Kolo, maana hao wawili wanataka wachezaji wa nje na wameshaelezwa hesabu ya Fundi mbele ya wazazi wao. Tembe inabaki Luanti. Bando nanunua la mwezi mmoja, hela inayobaki tunabadilisha betri za mashine mbili zilizokufa.

Mwalimu, una ile flashi yenye Luanti na gemu zake tayari?

Mwl_Bahi

Ninayo. Jumamosi nashuka stendi ya Nzuguni kabla ya saa nne asubuhi, nipokeeni hapo. Na yule binti na kaka yake waambie kabla sijafika wawe wameshamuuliza mzee yeyote wa nyumbani upana wa tembe, na zizi la ng'ombe lilikaa upande gani.