Hadithi fupi za kale za kisayansi: tusikilize za Kiingereza au turekodi zetu?

KijanaWaKirumba: Wakuu, naomba ushauri. Tuko sita hapa Mwanza, wapenzi wa hadithi fupi za zamani za kisayansi na za miujiza. Tunasikiliza mikusanyiko ya LibriVox, tovuti ya vitabu vya sauti vya bure, ambako kila mtu wa kujitolea huchagua hadithi moja, akaisoma, kisha zikaunganishwa. Je, tuendelee hivyo, au tutafsiri na kurekodi wenyewe? Tukitafsiri, tuanze na mwandishi Mwingereza H. G. Wells au majarida ya Kimarekani ya miaka ya 1950?

Nansio_Kwetu: Sikilizeni tu. Mimi napakua nikiwa mjini. Saa nzima kwa ubora wa sauti wa 64 kbps ni kama MB 29, bando halilii. Kivuko kikifika Nansio, kisiwani Ukerewe, nimemaliza hadithi kadhaa. Ila wasomaji hawalingani, hilo mlizoee.

Mpenda_Vitabu: Wells, bila kusita. Alifariki 1946, na sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 inalinda kazi kwa miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi. Hadithi nyingi za majarida ziko huru Marekani kwa sababu zilichapishwa kabla ya 1964 na hakimiliki haikuhuishwa ilipofika miaka 28. Hiyo ni kanuni ya kwao. Mwandishi akiwa amefariki 1990, hapa kwetu bado analindwa. Kusikiliza ni jambo moja, kutafsiri na kusambaza ni jingine.

BintiIgoma: Nilijaribu "The Star" ya Wells, ya 1897. Nyota ngeni inaikaribia dunia, bahari inafurika. Nikaandika "maji yakajaa, yasipwe". Bibi yangu, mtu wa kando ya ziwa tangu azaliwe, akanikatiza: "Yasipwe ndiyo nini?" Kweli, kujaa na kupwa ni mambo ya Pwani. Nikabadilisha: maji yakapanda, yakafunika mawe, yakaingia majumbani. Akanyamaza, akasikiliza mpaka mwisho. Kiingereza asingekivumilia dakika moja. Tafsirini! Hadithi hiyo moja ilinila wiki tatu, lakini ningeirudia kesho.

KijanaWaKirumba: Dada, umenimaliza. Tunaanza na Wells, kila mtu hadithi yake. Shida ni chumba, kwangu bodaboda hazilali.

Nansio_Kwetu: Rekodi alfajiri, ndani ya blanketi, simu shibiri moja toka mdomoni. Na mimi nihesabuni, mtakuwa saba.