Meza ya pool huku pwani: ya jiwe, ya MDF au ya kuchongesha? Ipi inadumu?

Mwanakona_TZ
Wakuu habari za masika. Nina kibanda changu cha vinywaji hapa Tanga upande wa Raskazone, usiku muziki ukizimwa unasikia bahari, paa la makuti na pembeni ni nusu ukuta. Nataka kuweka meza moja ya pool maana vijana wakikosa cha kufanya soda moja wanaikalia masaa matatu. Nimezunguka nimekutana na aina tatu na kila muuzaji anaapa yake ndo yenyewe:

1. Mpya ya dukani ya Mchina, inang'aa balaa, ndani ni MDF, bei ndo ndogo kuliko zote
2. Ya jiwe, yaani bamba la juu chini ya kitambaa ni jiwe, mtumba kutoka Ulaya, mbao za nje zimechoka, bei kama mara mbili na nusu ya hiyo ya kwanza na usafiri bado
3. Kuchongesha kwa fundi, fremu ya mbao ngumu, juu anaweka marine bodi au jiwe ukimpelekea

Hiyo namba moja nilishawahi kuwa nayo kwa ubia na jamaa, masika moja tu ikaota kitambi, mpira unaupiga kona ya kulia wenyewe unaenda kushoto kama una ndugu huko, wateja wakawa wanagombana na meza badala ya kugombana wao kwa wao. Huku kwetu chumvi ukiiacha wazi kwenye kikopo asubuhi ishakuwa maji. Mwenye uzoefu anisaidie kabla sijatoa hela.

Seremala_Keko
Mkuu ulichokutana nacho ni tabia ya MDF yenyewe wala haikuwa bahati mbaya. MDF ni unga wa mbao umeshindiliwa na gundi, juu na chini wanaibandika karatasi au fomika kwa hiyo hapo maji hayapiti kirahisi, shida ni kwenye kingo na kila tundu la skrubu, pale iko uchi. Inakunywa unyevu kupitia hapo na ikishavimba hairudi hata ukiianika jua la mwezi mzima. Chipbodi ndo kabisa usiiguse, ile skrubu ukiifungua mara mbili ya tatu inazunguka hewani.

Marine bodi ina nafuu kubwa maana ni tabaka za mbao zimepishanishwa na gundi yake inavumilia maji, ila nayo ukiiachia upana wa futi tatu na nusu bila mataruma ya kutosha chini inalegea taratibu. Nishatengeneza mbili za hivyo, moja mwenyewe alifuata ushauri akaweka taruma kila baada ya futi moja mpaka leo inachezwa, mwingine akabana matumizi na ya kwake watoto sasa wanaanikia dagaa.

Fremu usikubali paini. Paini ya Sao Hill ni nzuri kwa kenchi na dari lakini kwa meza ya pwani bila dawa unawakaribisha mchwa mezani. Mninga ukishakauka vizuri hauchezichezi, mvule mchwa anaukwepa, na wewe uko Tanga una tiki ya Longuza hapo Muheza mlangoni kwako, unatafuta nini tena?

Chaki_Bluu
Mimi nitapinga kidogo. Nina ya MDF nyumbani Mbezi mwaka wa tatu huu haijapinda. Ila iko sebuleni, madirisha ya vioo, feni muda wote, na ncha za miguu ya meza nilizifunga mifuko ya nailoni siku ile ile ya kwanza maana dada wa kazi anapiga deki kama anazima moto. Zile kingo Seremala anazozisema nilizipaka vanishi mikono mitatu kabla ya kuifunga. Kwa hiyo sio kwamba MDF ni takataka, inategemea inaishi wapi.

Mwanakona_TZ
Kaka mimi sina sebule nina makuti 😂

Nahodha_Mvita
Salaam kutoka Mombasa. Mie nilinunua ya jiwe kwenye mnada wa hoteli moja ya ufukweni ilokuwa yafunga. Nikajua nimepata dhahabu, jiwe halili maji, haliozi, halipindi, basi nimemaliza. Kumbe jiwe ni zima na kilichobeba jiwe ni marehemu. Boliti zote zilizoshika raba, zile kingo za pembeni zarudisha mpira, zilikuwa kutu tupu, nyengine tulizikata kwa msumeno, na fremu ndani ilikuwa yabonyea kwa kidole. Upepo wa bahari una chumvi na chumvi yatafuta chuma popote kilipo, hata kile kisanduku cha sarafu kilikuwa chakwama, mtu atia hela, mipira haishuki, anaanza kuipiga meza mateke.

Nilibadilisha boliti zote nikatia za stenlesi, za mabati zilizochovywa zinki nazo zafaa lakini zile za rangi ya dhahabu za dukani miezi sita tu zaanza kulia machozi mekundu. Fremu nikachongesha upya ya mvule. Jumla nililipa meza mara mbili, lakini mwaka wa saba huu jiwe ni lile lile.

Mzee_wa_Nta
Vijana mmeongea vizuri, mimi kazi yangu ni kufunga na kusawazisha hizi meza, Dar na visiwani, ngoja niseme ninachokikuta nikifungua.

Jiwe Nahodha kamaliza. Waingereza walianza kuweka jiwe miaka ya 1820 pale London, kabla ya hapo ilikuwa mbao na tatizo lao lilikuwa hili hili lako, mbao inacheza na hali ya hewa. Kwa hiyo mzee unauliza swali la miaka mia mbili. La futi 7 mara nyingi ni pande moja na peke yake linavuka kilo mia, za futi 9 zinakuja vipande vitatu na pale kwenye maungio tunajaza nta ya nyuki. Huku joto likizidi hasa chini ya bati nta inalainika inapanda juu, unaona kamstari chini ya kitambaa na mpira unaruka kidogo. Ndo maana kwa kibanda cha wazi mimi nasema tafuta futi 7 ya pande moja, hakuna maungio hakuna kesi.

Sasa raba. Watu wanaangalia jiwe wanasahau raba wakati mchezo wote uko pale. Raba imegundishwa kwenye ubao mrefu mwembamba na hizi za bei rahisi ule ubao nao ni MDF! Unyevu ukiingia gundi inaachia, unapiga mpira unasikia "tup" badala ya kurudi. Ukienda kukagua piga mpira mmoja kwa nguvu katikati kutoka mwisho hadi mwisho, ukigusa raba mara tatu na bado unatembea hiyo iko hai. Halafu gonga kwa kidole urefu wote, penye sauti tofauti pameachia. Mtumba wa miaka mingi raba inakuwa ngumu kama soli, hiyo hesabu ya kubadilisha iingize kwenye bei kabla hujapeana mkono.

Kitambaa: vile vizuri ni sufu imechanganywa na nailoni, na sufu inaweza kubeba maji karibu asilimia 30 ya uzito wake kabla hata hujahisi imelowa. Ndo maana masika mpira unakuwa mzito, mchezaji wa Dodoma akija Tanga anaona kama anacheza kwenye mchanga. Wenzetu wa snuka kwenye mashindano makubwa wanaweka hita chini ya jiwe ili kitambaa kibaki kikavu, sio mbwembwe. Kwa kibanda chako chukua chenye nailoni nyingi, hakina raha sana lakini hakinywi sana, na bia ikimwagika unakausha unaendelea. Cha sufu tupu kitaota kuvu.

Dogo_Eight
Mzee hapo kwenye hita, mimi kuna sehemu niliona wamewasha balbu ile ya zamani ya moto chini ndani ya meza usiku kucha. Inasaidia?

Mzee_wa_Nta
Inasaidia kwa meza iliyozibwa pembeni, joto dogo tu linatosha kufukuza ukungu. Lakini waya uwe wa uhakika na balbu isiguse mbao, nishaona shimo jeusi la ukubwa wa sahani. Na kwa makuti ya mkuu wetu hapa sishauri kabisa moto wowote usiolindwa.

Mpwapwa_Kavu
Na sisi wa bara msitusahau. Jamaa yangu alihamisha meza ya mbao kutoka Dar kuja Dodoma, ilikuwa nzuri tu haina neno, miezi minne huku ikakauka ikaachia kila kiungo, ukiipiga teke inacheza kama kitanda cha gesti. Sasa najiuliza kama na meza zinaugua kuhama.

Mzee_wa_Nta
Zinaugua. Hata mipira ilikuwa inaugua, zamani ilikuwa ya pembe za ndovu, hizi hizi zilizokuwa zinabebwa na wapagazi kushuka Bagamoyo kwenda Zanzibar na kuvuka bahari, na ikifika nchi yenye hewa nyingine ilikuwa inapasuka mpaka waipumzishe kwanza izoee. Ya siku hizi ni plastiki ngumu, unyevu haiijui. Kwa hiyo kwenye mipira usijiumize kichwa na hali ya hewa, angalia tu isiwe imemeguka.

Seremala_Keko
Nyongeza kwa mtoa mada: chochote utakachochukua miguu isikae kwenye sakafu moja kwa moja. Mwaga kizege kidogo kila mguu, inchi mbili tatu, juu weka kipande cha raba ya tairi. Maji ya mvua yakiingia kibandani yanapita chini. Na shona turubai la kufunika usiku lakini lisibane mpaka chini, liache hewa ipite, turubai la kubana ni kama kupika meza kwa mvuke.

Chaki_Bluu
Na fimbo zisilale ukutani zimeinama, zitapinda kabla ya meza. Zisimame wima kwenye raki au zilale.

Mwanakona_TZ
Wakuu nimerudi. Jana nilienda kuiona ile ya jiwe nikiwa na tochi na pimamaji, muuzaji aliponiona nalala chini ya meza akaanza kunipa heshima. Jiwe pande moja zima halina ufa, nimepitisha kucha kingo zote. Boliti kutu kama alivyosema Nahodha. Fremu mguu mmoja unabonyea. Raba za upande wa kulia "tup" nne. Nikamhesabia hayo yote moja moja mbele ya mke wake na bei ikashuka theluthi, tena akasema chukua jiwe na mifuko na mipira, mbao niachie nichomee mkaa.

Kwa hiyo nimeamua jiwe lake, fremu ya tiki nachongesha Muheza, boliti stenlesi, kitambaa cha nailoni. Hela itazidi ile ya Mchina karibu mara mbili ila ile nilishainunua mara moja inatosha. Swali la mwisho, jiwe linasafiri Jumamosi kwenye kirikuu, linalazwa au linasimamishwa?

Mzee_wa_Nta
Linasimama kwa ubavu kama kioo cha dirisha. Ukililaza barabara ya matuta linakatika katikati hapo hapo na hakuna gundi ya hilo. Watu sita, godoro bovu pande zote mbili, kamba isikaze kwenye kona, na usiruhusu kijana yeyote alikalie njiani. Likifika usilifunge siku hiyo, fremu ikae pale kibandani wiki nzima kwanza ndo unipigie.