Mrejesho: majibu ya mkojo ya mama, protini 1+

Wakuu, niliuliza hapa maana ya majibu ya mama yangu, mkazi wa Ujiji, Kigoma: protini 1+, chembe nyeupe za damu 2+, nitraiti (kemikali ambayo bakteria wengi huitengeneza kwenye mkojo) hasi. Asanteni sana. Nimerudi maabara na mtaalamu amenielewesha kwa upole.

Kijiti cha kupimia, kile kinachochovywa kwenye mkojo, hakipimi kiasi kamili. Kila kipande kilichobandikwa juu yake hubadilika rangi, rangi inalinganishwa na chati ya kwenye kopo, kisha inaandikwa ngazi. Kwenye chati nyingi protini 1+ ni kama miligramu 30 kwa desilita, 2+ ni 100, 3+ ni 300. Nitraiti haina plasi nyingi, ni chanya au hasi tu. Uzito wa mkojo ukilinganishwa na maji huandikwa kwa namba; wa mama ulikuwa 1.025, yaani mkojo mzito, na mkojo wa namna hiyo unaweza kupandisha ngazi ya protini.

Muda nao una uzito wake: kwa vijiti vingi protini husomwa sekunde ya 60, chembe nyeupe dakika ya 2. Ukichelewa, rangi inakolea na jibu linapotosha.

Kilichonigusa zaidi ni hiyo nitraiti. Mimi nilidhani hasi maana yake hakuna maambukizi, kumbe baadhi ya bakteria hawatengenezi nitraiti kabisa! Ndiyo maana daktari ameagiza mkojo uangaliwe kwa hadubini na kuoteshwa (kuona kama kuna bakteria watakaoota maabara) kabla ya kuamua dawa. Protini itarudiwa baadaye. Majibu ya kuotesha bado tunayasubiri.