Nywele kukatika: lishe, ukoo au msusi?

Mama Wawili: Wakuu, kila kona siku hizi kuna mtu anauza vidonge vya biotini, aina ya vitamini, "vya kujaza nywele", kopo elfu arobaini. Hata msusi wangu anavyo. Mimi nasema nywele zinatokana na unachokula: mayai, dagaa, maharage, mchicha. Mume wangu anasema nywele ni ukoo, hakuna cha mchicha wala kidonge. Nani mkweli?

Kipara Ngoto: Shemeji yuko sahihi. Babu upara, baba upara, mimi upara tangu chuo. Na kwetu Ukerewe samaki ni asubuhi, mchana na jioni.

DadaMsusi: Njooni mkae hapa saluni siku moja. Mteja anakuja nywele za mbele zimeisha hadi juu ya masikio, anataka rasta ndogondogo, "kaza dada, zikae miezi miwili". Ukimlegezea, hujui kusuka. Zikinyofoka, msusi kaniua. Hapo mchicha utafanya nini? Ngozi ikishashika kovu nywele haioti tena.

Mama Wawili: Mdogo wangu, sijasema msusi anaua, nimesema anauza vidonge.

DadaMsusi: Soma kichwa cha mada ulichoandika mwenyewe.

Nesi wa Zamu: Mnachanganya mambo. Upara wa wanaume, ule wa utosini na pembe za paji, ni wa kurithi. Hata ule ng'ombe mzima. Za pembeni kuisha kwa kuvutwa, hapo ni kusuka. Ila zikipukutika kichwa kizima, kitana kinajaa, jiulize miezi miwili mitatu nyuma kulikuwa na nini: uzazi, homa kali, kujinyima kula ili upungue? Wanawake wengi tatizo ni damu, akiba ya madini ya chuma imekwisha. Kupungukiwa biotini ni nadra sana, na vidonge vyake vya dozi kubwa vinavuruga vipimo vya maabara, vya tezi ya shingo na hata vya moyo. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo 2017. Halafu sisi na kushushia maharage kwa chai ya rangi! Chuma kinapita tu.

Mtu wa Mufindi: Chai imeingiaje hapa?

Nesi wa Zamu: Tanini za majani ya chai zinashika chuma cha maharage na mboga, mwili haukipati vizuri. Sijasema msinywe. Kaa kama saa moja baada ya kula ndipo unywe, na mboga ikamulie ndimu.

Mtu wa Mufindi: Bibi yangu kachuma chai na kuinywa tangu enzi za mkoloni, kazikwa na nywele za kusuka. Mkisoma kidogo tu mnakuja kutuharibia zao.

Mwalimu Sadiki: Lishe msiidharau. Mtoto mwenye kwashakoo nywele zake zinakuwaje? Nyekundunyekundu, nyepesi, ukivuta zinakuja na mkono. Yule daktari mama wa Kiingereza kule Ghana, enzi hizo Gold Coast, aliandika habari hizo mwaka 33, kama si 35. Nywele ni protini. Ikikosekana, mwili unaanza kubana matumizi huko.

Kipara Ngoto: Kwa hiyo mwalimu, mimi nina kwashakoo?

Mwalimu Sadiki: Wewe una kwashakoo ya kusoma. Nesi kashakwambia wako ni wa ukoo.

Kipara Ngoto: Mwalimu mzima unatukana watu hadharani, halafu mnashangaa watoto hawawaheshimu.

Mama Wawili: Jamani, vidonge ninunue nisinunue?

Nesi wa Zamu: Kapime damu kwanza, dada. Hiyo elfu arobaini ni dagaa na mayai ya siku nyingi. Na usibugie vidonge vya vitamini ovyo: vitamini A ikizidi, nayo inapukutisha nywele.

DadaMsusi: Na rasta apumzike. Hilo hamtaki kulisema.

Mtu wa Mufindi: Nesi, kahawa je? Mbona inaonewa chai peke yake?

Nesi wa Zamu: Kahawa nayo inazuia chuma.

Mtu wa Mufindi: Haya. Watu wa Bukoba wako njiani.

Nshomile Mdogo: Tumeshafika. Nani kataja kahawa?