Naomba ushauri: takwimu za pato la taifa zikirekebishwa, nitumie zipi?

Ndugu zangu, naandaa jedwali la ukuaji wa uchumi wa Kenya kwa ajili ya somo ninalofundisha hapa Nairobi. Mezani nimefungua matoleo mawili ya ripoti ya kila mwaka ya Shirika la Taifa la Takwimu, KNBS, ambayo yanautaja mwaka mmoja kwa tarakimu mbili tofauti. Nimezizungushia penseli zote mbili, na jedwali bado ni tupu.

Ninaelewa kwamba makadirio ya kwanza hutolewa kabla data zote hazijafika, kisha hurekebishwa kadiri hesabu na tafiti zinavyokamilika. Kinachonitatiza zaidi ni kubadilishwa kwa mwaka wa msingi, yaani mwaka ambao bei zake hutumika kupimia miaka mingine: Septemba 2014 ulihamishwa kutoka 2001 hadi 2009, na pato la taifa likapanda kwa takriban asilimia 25, ingawa kilichobadilika kilikuwa kipimo, wala si mauzo ya siku ile pale sokoni Gikomba. Mwaka 2021 ukahamishwa tena hadi 2016. Kwangu mimi, marekebisho yanayotangazwa waziwazi ni dalili ya uaminifu, na huniuma wanafunzi wanapoyaita udanganyifu.

Je, nichukue tarakimu zote kutoka toleo la karibuni pekee, au nionyeshe na makadirio ya awali kando yake? Na kwa miaka ya zamani ambayo mfululizo mpya wa takwimu haukuifikia, mnaiunganishaje bila kupotosha kasi ya ukuaji? Aliyewahi kuutumia mwaka unaopatikana katika mifululizo yote miwili kama daraja, tafadhali anieleze hatua alizofuata.